Pipa Lililokataa Kusema

Wiki iliyopita binti yangu aliacha jagi la maji ya nanasi juu ya kabati la jikoni, akalifunika kwa sahani na kulisahau. Asubuhi nilipoingia kuchemsha chai nikasikia sauti ndogo, kama ya mtu anayenong'ona huku amefumba mdomo. Sikuwa na haja ya kufunua. Niliinama, nikasogeza sikio karibu na ile sahani, na kabla sijajua ninafanya nini nikawa nimesema kwa sauti, "Imeamka."

Binti yangu alinitazama kwa wasiwasi. "Nani ameamka, Mum?"

Nilimwambia akamwage kile kitu na kuosha jagi. Ninyi nitawaeleza.

Nililelewa Makongeni, Nairobi, kwenye kota za reli. Babu alikuwa mfanyakazi wa reli, na alipofariki nyumba ilibaki mikononi mwa Baba kwa njia ambayo sikuwahi kuielewa na ambayo hakuna aliyependa kuulizwa. Baba, Barasa kwa jina, alikuwa kibarua wa kiwandani. Kila asubuhi alitoka na mkate kwenye mfuko wa koti na jioni akarudi na vumbi la simenti kwenye nyusi. Lakini mwenye nyumba hasa alikuwa mama yake, ambaye mimi nilimwita Kukhu, kama Wabukusu wanavyoita nyanya. Kukhu alipika busaa kwenye jiko letu dogo la nyuma, na mwisho wa wiki watu wa Makongeni na Shauri Moyo walikuja kuinywa uani, wamekalia matofali na madebe, wakisifu mkono wake.

Kama hamjawahi kukaa karibu na busaa, ni hivi. Unga wa mahindi unalowekwa mpaka uchachuke, kisha unakaangwa juu ya bati pana hadi uwe wa kahawia. Harufu yake iko kati ya mkate ulioungua na soksi zilizolowa mvua, na iliganda kwenye sare yangu hadi mwalimu akanihamishia karibu na dirisha. Unga ukishapoa unatiwa pipani pamoja na maji na kimea, yaani nafaka ya wimbi iliyoachwa ikaota, ikaanikwa juani na kusagwa. Kimea ndicho chenye uhai. Bila hicho una uji baridi tu. Baada ya hapo unafunika pipa na kungoja, na hapo ndipo kazi yangu ilipoanzia.

Kujua kama pombe imeanza kuchacha si jambo la kubahatisha. Ukiitoa mapema wateja wanaumwa matumbo, ukiichelewesha inakuwa siki. Kukhu alikuwa na njia zake. Kwanza pua: harufu ya udongo inageuka kuwa ya ndizi iliyoiva, kisha inachoma kidogo puani. Halafu macho: utando wa juu unapasuka na kutoboka vitundu kama vya chapati inayoiva. Halafu kiganja kwenye ubavu wa pipa, kuona kama kuna joto. Akiwa bado na shaka aliwasha njiti ya kiberiti na kuishusha ndani ya pipa. Ikizimika ghafla kana kwamba imepulizwa, pombe inapumua. Ikiendelea kuwaka, pombe imelala.

Lakini njia aliyoiamini kuliko zote ilikuwa sauti, na sauti ndiyo aliyokuwa amenyimwa. Sikio lake la kushoto lilikufa kwa kofi la Babu, wakati yeye bado ni bibi arusi. Alisimulia habari za kofi hilo kama mtu anayesimulia bei ya sukari. Sikio la kulia nalo lilikuwa linazeeka. Kwa hiyo alitumia langu.

"Nasimiyu! Njoo usikilize!"

Nilikumbatia pipa, shavu kwenye ubaridi wake, nikafumba macho. Pombe iliyolala ni bubu kabisa. Ikianza kuamka unasikia tone hapa, tone pale, kama mafuta yanayopata moto, kisha inakuwa mchakacho wa mfululizo, kama mvua inayokuja kwenye mabati ya mbali. Nilijivunia sana kazi hiyo. Siku moja tu nilisema imeamka kumbe bado, kwa sababu wenzangu walikuwa wanacheza mpira wa kati nje na nilitaka kuondoka. Kukhu alifunua, akaonja, akanishika sikio kwa kucha zake na kulivuta hadi damu ikadondokea kola yangu. Hakupandisha sauti. "Ukinidanganya tena," akasema, "nalikata nawapa paka." Tulikuwa na paka wawili wenye njaa, kwa hiyo niliamini.

Mama yangu aliitwa Mumbua. Alitoka Machakos, binti wa mchonga vinyago, mtu wa kanisa ambaye hakuwahi kuonja pombe na ambaye alikunja pua kila alipopita karibu na lile pipa. Kukhu hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita "Mkamba wa Barasa", na siku mbaya zaidi "yule mgeni asiyejua kuondoka". Makosa ya Mama yalikuwa mengi. Alizaa mtoto mmoja tu, tena msichana. Alipika mboga kwa mafuta machache. Lakini kosa kubwa zaidi ni kwamba alitaka kutambuliwa. Baba alimchukua akaishi naye bila kuwapeleka wazee kwa wazazi wake, na Mama alichoka kuishi kama kitu kilichookotwa. Alimsihi Baba kwa miaka, kwa upole, kila mara akingoja amalize kula kwanza. Mwishowe Baba akakubali. Wazee wa ukoo wangekuja kutoka Bungoma, wakae, walizungumze.

Tulidhani Kukhu angewaka. Badala yake alitabasamu, akamvuta Mama kwenye kigoda cha karibu yake.

"Basi utawapikia wazee busaa kwa mkono wako," alimwambia. "Kwetu ndivyo ilivyo. Pombe ya mke ikichacha, ukoo umemkubali. Ikikataa, imekataa."

Nimeuliza sana tangu wakati huo. Kwetu sivyo ilivyo. Wala kwa jirani zetu.

Mama alilitazama pipa, akanitazama mimi. "Sijui kupika pombe, Mama."

"Nitakufundisha, mwanangu."

Hilo neno, mwanangu. Nilikuwa mdogo lakini niliona lilivyomwingia. Uso wa Mama ulilegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo mbele ya mlango. Siku zile zote akifanya kazi aliimba. Aliloweka unga, akaukaanga juu ya bati huku machozi ya moshi yakimtoka, akajiunguza kidole na kucheka. Kukhu alikaa pembeni akimwelekeza kwa sauti laini ambayo sikuwahi kuisikia. Alisaidia hata kuosha pipa, akalisugua kwa maji ya moto na sabuni hadi likang'aa, ingawa siku zote lilikuwa haliguswi kwa ndani. Unga ulipopoa akamletea mkebe wa kimea kilichokwisha kusagwa.

"Kimea nakupa mimi," alisema. "Kazi iliyobaki ni yako."

Ilikuwa Julai, na Nairobi ya Julai mnaijua. Jua halikutokea. Kila nilipotoka shule Mama alinivuta hadi kwenye pipa hata kabla sijavua viatu.

"Inasema?"

"Bado, Mama."

"Sikiliza vizuri."

Nilisikiliza hadi shavu likafa ganzi. Hakukuwa na tone hata moja. Harufu ilibaki ya udongo, na juu utando ukakaa umefumba kama jicho la mtu aliyelala fofofo. Mama alitoa blanketi la kitandani kwao akalizungushia pipa, akalifunga kwa leso kama anavyofungwa mtoto mgongoni. Mara moja nilimkuta amepiga magoti pale, ameshika ubavu wa pipa kwa mikono yote miwili, anasali. Alikuwa anamwomba Mungu abariki kitu ambacho mchungaji wake alikikataza kila Jumapili. Nilicheka. Naye akacheka, akafuta macho, akasema labda Mungu ataelewa kwamba ni kwa ajili ya ndoa.

Wazee walifika Jumamosi mchana wakiwa na makoti mazito na fimbo zao. Waliketi uani, mirija yao mirefu ya kunywea wakaiegemeza ukutani. Majirani walisogea kwa sababu Kukhu aliwaita, mlango kwa mlango, na hakuna aliyekataa busaa. Baba alivaa shati jeupe na kukaa pembeni ya wazee. Mama alisimama karibu na pipa, amejifunga kitambaa kipya kichwani. Blanketi alikuwa ameliondoa ili watu wasilione.

Kukhu alisimama katikati. "Wazee wangu, leo mke wa Barasa amewapikia. Lakini kabla hatujawapa, acha mtoto atuambie kama imeiva. Huyu mtoto hadanganyi. Nasimiyu, njoo usikilize."

Watu wote waligeuka kunitazama. Hata watoto wa njia ya pili, waliokuwa wamepanda ukuta, waliacha kusukumana. Nililikumbatia lile pipa nikatamani lipasuke. Nilijua jibu hata kabla sijaweka sikio. Nilimtazama Kukhu, nikaona kucha zake. Nilimtazama Mama. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Sema unachosikia, mwanangu," akaniambia. "Usiogope."

"Sisikii kitu," nikasema.

"Sema kwa nguvu," akasema Kukhu.

"Sisikii kitu! Imenyamaza!"

Kukhu alichukua kiberiti, akawasha njiti, akaishusha taratibu ndani ya pipa mbele ya wazee. Moto haukutikisika hata kidogo. Uliendelea kuwaka kwa uzuri, hadi ukafika kwenye vidole vyake, naye hakuutupa mpaka kila mtu alipoona.

Mzee mmoja mwenye kikohozi alijaribu. "Mama Barasa, hii ni baridi ya Nairobi. Tuipe hadi kesho."

"Hata ukiipa hadi Krismasi," akasema Kukhu. Alichota kikombe kikajaa, akampa Mama. "Kunywa uji wako."

"Mimi sinywi pombe, Mama."

"Na nani amesema hii ni pombe?"

Hapo watu wakacheka. Si wote, lakini walitosha. Mama alipokea kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anavyopaswa kupokea mke wa nyumbani, akanywa. Kukhu alimsimamia hadi akamaliza. Machicha yalimganda mdomoni na kidevuni, na alipoinua leso ajifute Kukhu akamshika mkono. "Ngoja kwanza. Wazee wamwone."

Wakamwona. Sisi sote tukamwona. Mama yangu alisimama mchana kweupe mbele ya watu waliokuwa wakimsalimia kila siku bombani na dukani, uji wa udongo ukimtiririka shingoni na kuingia kwenye blauzi yake ya kanisani.

Mzee mwenye kikohozi akamgeukia Baba. "Barasa, wewe unasemaje?"

Baba aliangalia viatu vyake. "Mama ndiye anayejua mambo ya pombe," akasema.

Kukhu akalisukuma pipa kwa mguu. Lilianguka na kumwagika hadi kwenye mtaro, na paka wale wawili wakaja wakanusa, wakaondoka. Hilo nalo lilichekesha watu.

Mama aliondoka siku ileile. Watoto tulifukuzwa nje. Niliporuhusiwa kuingia alikuwa amebeba begi begani na mfuko wa sandarusi mkononi. Nilikimbilia sketi yake nikaishika. Kukhu akanibandua vidole, kimoja kimoja, bila hasira yoyote. "Mtoto ni wa ukoo," alisema. "Wewe nenda." Na jioni ile, mkinisikiliza mtaelewa kwa nini mpaka leo siwezi kula paja la kuku, alinipakulia paja zima, nyama waliyoandaliwa wazee, akanipapasa kichwa. "Una sikio la kweli," akasema. "Kula."

Nilikula. Nilikuwa na njaa na lilikuwa tamu.

Shuleni wakaanza. "Niaje, Sikio! Ni ukweli mathe yako aliua busaa?" Jina hilo la Sikio lilinifuata hadi darasa la nane. Nikiuliza Mama yuko wapi niliambiwa yuko Ukambani, amepata mume mwingine, amesahau. Ukweli ni kwamba baada ya muda mfupi kwao alirudi mjini, akapanga chumba mtaa wa Jericho na kuuza ndengu na mboga sokoni. Kutoka mlangoni kwetu hadi pale ni mwendo wa mtoto kwa miguu. Alikuja shuleni kuniona, akarudishwa langoni kwa sababu Kukhu alikuwa ametangulia kumwambia mwalimu kwamba kuna mwanamke kichaa anayejidai ni mamangu. Nami niliendelea kumsikilizia Kukhu mapipa yake. Yote yaliamka. Yote yalisema.

Nilipokuwa sekondari, rafiki yangu wa Jericho alinipeleka sokoni kununua ndengu, na muuzaji alipoinua uso nikajikuta nimekaa chini kwenye matope. Sitawasimulia hiyo siku. Hiyo ni yangu na yake.

Kukhu alikufa nikiwa mtu mzima, na tulimzika kwao Bungoma. Siku ya matanga, watu wakila, dada yake Baba, ambaye tunamwita Senge, alianza kusimulia vituko vya marehemu kama ilivyo kawaida. Alisimulia alivyomtimua askari kanjo wa jiji kwa mwiko wa moto. Watu wakacheka. Halafu akasema, "Na mnamkumbuka yule Mkamba wa Barasa? Jamani, Mama yetu alikuwa na akili! Alichukua kimea akakikaanga kwenye bati kabla ya kukisaga. Kikafa chote! Na pipa akalisugua kwa maji ya moto lisibaki hata na machicha ya zamani. Msichana wa watu akakaa wiki nzima anabembeleza tope!"

Walicheka hadi mmoja akapaliwa na chai. Nilimtafuta Baba kwa macho. Alikuwa anachambua mfupa kwa makini, mtu mzima mwenye mvi, na mfupa wenyewe haukuwa tena na nyama.

Niliporudi Nairobi nilienda moja kwa moja Jericho. Nilimkuta Mama anapeta ndengu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, nikitarajia alie au alaani. Aliendelea kupeta.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua lini?"

"Asubuhi ileile, kabla wazee hawajafika. Nililamba unga uliobaki kwenye mkebe. Kimea kizuri ukikiweka ulimini kinageuka utamu. Kile kilikuwa kichungu kama kahawa. Nikampelekea baba yako, nikamwambia aonje. Akaonja, akatema, akafuta mdomo. Yeye amekulia kwenye pombe, Nasimiyu. Hakuhitaji kuelezwa."

"Na mbona hukusema mbele ya watu?"

"Mimi niseme, nani anisikie pale? Wote walikuwa wa kwao. Nilitaka aseme yeye."

Alisimamisha ungo mapajani. Mteja alikuja akauliza bei, Mama hakumsikia, mteja akaenda zake.

"Hata baada ya yale ya kikombe bado nilimngojea," alisema. "Nilifunga mizigo polepole. Nguo nazikunja, nazikunjua, nazikunja tena. Alikuwa amesimama mlangoni wakati wote huo, ananitazama. Nikasema moyoni, acha nimpe nafasi, labda maneno yanamjia. Mwisho akafungua mdomo. Nikaacha kila kitu nimsikilize."

"Akasema nini?"

"Akasema magari ya Machakos hujaa mapema."

Halafu akaendelea kupeta.

Miaka yote ile nilikuwa nimemchukia Kukhu kwa bidii, na Baba nikamhurumia. Nilimwona kama mtu aliyenyang'anywa mke. Nilimwekea maji ya kuoga bila kuagizwa, nikamwachia kipande kikubwa cha nyama, na usoni mwake nilisoma huzuni ambayo niliona ni sawasawa na yangu. Mtoto huona mkono unaosukuma, na Kukhu alisukuma mbele ya watu, kwa kiburi chake chote, bila kujificha. Yule aliyesimama mlangoni hakusukuma mtu, kwa hiyo sikumhesabu.

Sasa Baba ni mzee, anaishi kwangu, na binti yangu anampenda sana. Ananiuliza mbona simpi babu yake maneno zaidi ya salamu na "chakula kiko mezani". Sijamjibu bado. Nikitafuta jibu naona kwamba Kukhu, kwa ukatili wake wote, aliharibu pipa moja la busaa. Lingine lingepikwa wiki iliyofuata, kama Baba angesema neno moja.